Mota Niliyomchagulia Baba

Baba yangu alikuwa anakereza vyuma kwa masikio. Najua kuna watakaocheka, lakini aliyewahi kusimama karibu na mkerezaji mzuri atanielewa. Chuma kinazunguka, kisu kinakigusa, inatoka sauti. Ikiwa laini unaendelea. Ikianza kukwaruza unapunguza. Ikilia unarudisha kisu nyuma upesi kabla hakijavunjika. Baba aliweza kupiga soga na mteja, mkono mmoja uko kwenye mashine, na katikati ya neno akanyamaza, akapunguza mwendo kidogo, kisha akaendelea na habari yake pale alipoiachia.

Halafu masikio yakafa. Hayakufa kwa siku moja. Kabla ya kuja Tunduma alisaga mahindi ya watu kule Ihanda kwa miaka mingi, na zile mashine za kusaga hazimwachi mtu hivihivi. Alianza kwa kutosikia simu, akaja kutonisikia mimi, mwisho hakusikia chuma. Hakutuambia. Fundi gani atamwambia mtu jambo kama hilo?

Tulilijua siku ya pini ya tela. Nilikuwa nje ya karakana yetu hapa Chapwa nikichomelea geti, nikasikia ndani chuma kinalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Nikamwita Baba. Nikamwita tena kwa nguvu. Alikuwa amesimama palepale, ametulia, anasukuma kisu kwenye chuma kinachotetemeka, uso hauna wasiwasi wowote. Kabla sijamfikia chuma kikachomoka, kikapita pembeni ya kichwa chake, kikatoboa bati na kutokea uani kwa jirani. Baba akatazama mahali kilipokuwa, akaniuliza, "Kimekwenda wapi?"

Nililia siku hiyo. Sina aibu kusema.

Kaka yangu mkubwa yuko nyumbani Ileje, analima kahawa. Nilipompa habari kwa simu alisema imetosha, mzee apumzike. Akimaliza kuvuna atakuja na gari kumchukua, akakae kule milimani na wajukuu. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilipomwandikia Baba maneno hayo kwa chaki kwenye kipande cha bati, aliyasoma, akayafuta kwa kiganja, akaenda kupanga bolti kwa saizi zake. Zilikuwa zimepangwa tayari. Kesho yake akazimwaga zote akazipanga tena. Siku ya tatu akaniambia, kwa ile sauti yake mpya ya kupaza kama yuko ng'ambo ya mto, "Mama, mimi sijafa. Masikio ndiyo yamekufa."

Sasa asiyenijua anijue hapa. Mimi ni mwanamke, na ni mkali. Wateja wengi wakifika kwangu huangaza macho wakauliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi huwajibu, "Unaongea naye," kwa namna ambayo wengine hawarudii swali. Nikasema moyoni kwamba kaka hatamchukua mtu hapa. Nitamtengenezea Baba mashine atakayoiendesha kwa macho.

Mashine yenyewe nilikuwa nimeshaianza, kwa ubishi tu, maana niliwaona kwenye simu watu wa nchi nyingine wakizitengeneza nyumbani. Ni mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta. Wewe unaiandikia vipimo, yenyewe inasogeza kisu. Kitanda chake nilikiunga kwa vyuma vinene vya tela iliyopinduka, nikakijaza zege ili kisitetemeke. Kichwa kinachoshika chuma na kukizungusha nilikitoa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma la lori, na beringi zake mbili kubwa. Watu walikuja kushangaa. Fundi mmoja wa jirani aliuliza kama natengeneza mashine au naegesha lori. Nilimwambia akae, ataona.

Kilichobaki ni mota ya kukizungusha hicho kichwa. Hapo ndipo nilipotaka kupotea.

Mota ya kawaida ya fezi moja ipo kila duka hapa mjini. Ukiiwasha inaenda, na inaenda mwendo mmoja. Ukitaka polepole uhamishe mkanda kwenye puli nyingine kwa mkono, na chini ya hapo haishuki. Nikaitupilia mbali. Ya pili ilikuwa servo, mota inayojisimamia mwendo wake yenyewe, na hiyo niliipenda kama mtu anavyopenda viatu vya kwenye kioo cha duka. Niliifuata mpaka Mbeya. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ndogo, kimya, inang'aa, akasema, "Dada, hii ukiiambia mizunguko mia tatu ni mia tatu. Uizuie hata kwa gogo, yenyewe inaongeza nguvu tu. Haijui kuchoka." Nilirudi Tunduma nimeshajiona bingwa. Nilimwandikia Baba sifa zake zote kwenye bati, mwandiko mzuri kabisa, nikamalizia: HAICHOKI.

Baba akasoma polepole. Akauliza, "Na ikizidiwa, inasemaje?"

Nikaandika: haizidiwi.

"Basi siitaki," akasema. "Kitu kisichochoka kitaniua."

Nilikasirika, nikaondoka, nikaenda kukaa kwa mama wa chipsi na kula sahani nzima. Nimezunguka kwa ajili yake, nimesafiri kwa ajili yake, na yeye anajibu kama bwana shauri wa kikoloni. Lakini nikiwa natafuna, nikaiona ile pini inapita pembeni ya kichwa chake. Siku ile mota ya zamani ilikuwa imezidiwa, ilikuwa inasema imezidiwa, na mtu mmoja tu katika mtaa mzima ndiye aliyekuwa haisikii. Mimi nilikuwa namnunulia mota ambayo ingeficha mateso yake mpaka kitu kivunjike. Muuzaji angeniambia servo nayo ina kioo cha kuonyesha mzigo, na ni kweli kipo, namba zake ndogo kama sisimizi. Baba na macho yake ya umri ule angezisomea wapi? Na ikiungua, ni nani wa hapa angeirudishia waya?

Nikafuta midomo, nikarudi. Kwenye bati nikaandika: unataka nini? Kusema kweli ndiyo mara ya kwanza nilikuwa namuuliza. Mashine nzima nilikuwa nimeiunda kwa akili yangu, kama mtu anayemshonea mwenzake suruali bila kumpima.

Baba akasema anataka mota inayolalamika.

Tulikwenda wote Ihanda, kwenye mashine ya kumenya kahawa iliyokuwa imebadilishwa mota. Ile iliyoungua ilikuwa imelazwa chini ya turubai, fezi tatu, nguvu ya farasi tatu, nzito mpaka tuliibeba kwa kupokezana. Fundi wa waya hapa mjini aliisuka upya. Kwetu Chapwa umeme wetu ni fezi moja, kwa hiyo nikatafuta inverta yake, kisanduku kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, na kitufe ukikizungusha mota inapungua mwendo au kuongeza. Muuzaji alitaka kunipa inayolingana na mota. Nikakataa, nikachukua saizi ya juu yake, maana ikilishwa fezi moja inabanwa, na mashine za kusaga zikiwashwa mchana mtaani kwetu taa zote zinasinzia. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia maisha.

Lakini kilichonifanya niipende inverta ile si hayo. Usoni ina kioo chenye namba nyekundu kubwa, na namba hizo zinaonyesha mota inakula umeme kiasi gani. Chuma kikiwa kigumu namba inapanda. Kisu kikiwa butu namba inapanda. Yaani kilio kilekile, ila kinaonekana kwa macho. Nikaifunga usawa wa kifua cha Baba, siyo changu, na pembeni ya mota nikafunga feni yake ya peke yake, kwa sababu mota ikizungushwa polepole feni yake ya asili haipulizi kitu na waya zinachemka.

Tulikaa siku tatu kujifunza lugha ya zile namba. Namba peke yake haisemi kitu. Mimi nilikuwa masikio, Baba alikuwa macho. Anakata, ananiuliza, "Inaliaje?" Mimi nasikiliza, naonyesha kwa uso na mikono: laini, inakwaruza, inapiga kelele. Yeye anasoma namba, anaandika ukutani. Siku ya kwanza nilikuwa nachanganya kukwaruza na kulia, akanigombeza mbele ya watu. Miaka yote nimefanya kazi kando yake na nilikuwa sijawahi kusikiliza kama yeye. Siku ya tatu ukuta ulikuwa na mistari mitatu ya chaki, kwa mwandiko wake mkubwa: NNE INATEMBEA. SITA INAKULA. TISA INALIA.

Alipomaliza kuandika ule wa mwisho akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ukuta, mikono kiunoni. Nilijisikia fahari ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimemrudishia kitu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekitafsiri.

Tukadhani tumemaliza. Tulikuwa bado.

Kazi inayoleta wateja mjini kwetu ni hesi, yale majino ya skrubu na nati. Malori yanapanga foleni kwenda Zambia, kila siku kuna kitu kimekatika. Kukata hesi kompyuta lazima ijue kichwa kimezunguka kiasi gani, ili isogeze kisu sawasawa na mzunguko. Kuna sensa, kifaa kinachohesabu mizunguko. Mimi niliifunga kwenye mota. Mtu yeyote aliyekulia kwenye mashine za kusaga angefanya hivyo, maana kwetu mota ndiyo mashine. Vingine vyote ni mizigo yake. Na mkanda kutoka kwenye mota kwenda kwenye kichwa niliukaza kama tunavyokaza mikanda ya kusagia, unagonga kwa kidole unalia kama ngoma. Kule mkanda ukiteleza debe la mahindi linasubiri na mama mwenye debe anakusema. Wengine huumwagia hata soda ili ushike.

Hesi ya kwanza ilitoka safi, ya pili safi. Ya tatu ikatoka imekatwa juu ya nyingine, haina mwanzo wala mwisho. Ya nne vilevile. Nikafungua programu, nikahesabu upya, nikabadili kisu, nikapoteza asubuhi nzima na chuma kizuri. Ndipo nikagusa mkanda. Ulikuwa umelegea. Mtu ameulegeza makusudi, na karakana ile ina watu wawili.

"Ni wewe?" Sikuhitaji bati, uso wangu ulitosha.

"Ni mimi," akasema, hata hana haya. "Ulikuwa umeunyonga. Mkanda lazima upumue."

Nilipandwa na hasira. Nikamwandikia, herufi kubwa, chaki inakatika: UMEHARIBU KAZI. Akanijibu kwa sauti iliyofika barabarani kwamba mkanda uliokazwa hivyo kisu kikikwama kinavunja kila kitu, lakini ulio na nafasi kidogo unateleza kwanza, na yeye akiweka kiganja juu ya kichwa cha mashine anausikia unateleza. Alisema anausikia. Akanishika mkono, akauweka pale, akawasha, akasukuma kisu kwa kuzidisha. Na kweli, kabla namba haijafika tisa, niliuhisi: mtetemo mdogo, kama mtu anakohoa chumba cha pili. Namba inachelewa kidogo kupanda. Kiganja hakichelewi.

Tulibaki tumesimama hivyo, mikono miwili juu ya habu ya lori. Nilitaka kuendelea kukasirika lakini hasira ilikuwa imeishia sijui wapi. Alikuwa sahihi kwa mkanda, nami nilikuwa sahihi kwamba hesi zinaharibika. Na ghafla nikaona ujinga wangu. Mkanda ukiteleza, mota na kichwa haviendi pamoja. Mimi nilikuwa nahesabu mizunguko ya mota, na hesi haikatwi kwenye mota. Nilihamisha sensa siku hiyohiyo, nikaifunga kwenye kichwa chenyewe, mwisho wa habu, kwa kibati nilichokitoboa kwa mkono. Sasa mkanda ungeweza kuteleza utakavyo. Kompyuta ingekifuata chuma, siyo mota. Baba alilegeza mkanda kwa namna anayoitaka, tukakata hesi sita mfululizo. Nati ilipita kwenye zote sita. Mimi niliichezea ile nati kidoleni mpaka jioni kama pete.

Kaka alifika wiki iliyofuata, kahawa yake imekwisha kuvunwa. Nilimwona anaegesha nje, na pale nyuma ya gari ameshatandika godoro la mzee asiumie njiani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima.

Sikuitoa, kwa sababu karakana ilikuwa na mteja. Alikuwa dereva wa lori, Mzambia, skrubu ya mguu wa tela yake imekatika na yuko kwenye foleni. Bila mguu huo hawezi kuiacha tela mahali popote. Kaka akasimama mlangoni. Akaita, "Baba, shikamoo." Baba alikuwa ameinamia mashine, hakumsikia, na mimi sikumsaidia. Nilikaa juu ya ndoo nikakunja mikono. Nilitaka aone.

Chuma kilikuwa kirefu na kigumu, nadhani ni ekseli ya kitu. Baba alikuwa ameingiza vipimo mwenyewe, kwa kidole kimoja. Kiganja cha kushoto juu ya kichwa, macho kwenye namba nyekundu. Nne. Sita. Kisu kinakwenda na kurudi, hesi inazama kila mara kidogo, majino mapana, yale ya mraba. Mara ikawa saba. Mimi nikasikia kinaanza kukwaruza, nikanyanyuka kwenye ndoo bila kujua. Nane ilikuwa haijatulia vizuri kiooni, Baba akabonyeza kusimamisha. Akachomoa kisu, akakitazama kwenye mwanga, ncha imemeguka. Akafunga kingine, akakipima, akawasha tena, na kisu kikaingia kwenye mfereji uleule kama hakijawahi kutoka. Nikakaa. Kaka pale mlangoni alikuwa ameshika funguo za gari alizokuwa akizichezesha, sasa zimetulia.

Skrubu ikatoka bado ina joto. Dereva akachukua nati yake ya zamani, akaizungusha kwa vidole viwili, ikateremka mpaka chini. Mimi ndiye niliyeunda ile mashine, mimi ndiye niliyeichagulia mota, lakini dereva alinipita hapo nilipo akaenda kwa Baba, akapiga magoti nusu na kupiga makofi mepesi kama wafanyavyo kwao wakimshukuru mtu mzima. "Natotela sana, batata," akasema, yaani asante sana, baba. Baba hakusikia neno. Akamwitikia kwa kichwa, akatafuta kitambaa cha kufutia mikono. Sijawahi kupitwa na mtu nikafurahi kiasi kile.

Dereva alipoondoka ndipo Baba akamwona kaka. Walisalimiana vizuri, Baba akauliza habari za kahawa, akajibiwa kwa ishara. Mimi nikasubiri neno la godoro. Kaka hakulisema. Alisoma ile mistari ya chaki ukutani, akaisoma tena, midomo inachezacheza. Kisha akatoka nje kuelekea kwenye gari. Nikadhani amekwenda kuwasha.

Akarudi na mfuko wa salfeti, gunia la nailoni. Ndani yake mlikuwa na shafti ya mashine yake ya kumenya kahawa, imelika upande mmoja, hesi yake imekwisha. Alikuwa amekuja nayo Tunduma kuipeleka kwa fundi mwingine, na hakuweza kunitazama usoni wakati anaitoa. Akachukua chaki, akaandika kwenye bati letu: Baba, hii inatengenezeka?

Baba akaigeuzageuza, akapitisha ukucha kwenye hesi. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona, ambako vyuma vya wateja vilikuwa vimepangwa kimoja nyuma ya kingine.

"Weka pale mwisho," akasema. "Una watu wanne mbele yako."

Kaka akaenda akaiweka. Akarudi nje, akalikunja lile godoro, akaliingiza ndani ya karakana akalikalia, akaanza kusubiri zamu yake.